Fomu, lahajedwali na AI kwenye ofisi ya rasilimali watu: zinapofaa na zinapoumiza

Kampuni yenye wafanyakazi 20 hadi 150 haina haja ya kukimbilia mfumo mkubwa wa rasilimali watu ili iachane na kunakili majina kutoka karatasi hadi karatasi. Seti tunayoitathmini hapa ina vitu vinne: Google Forms ya kupokea maombi na taarifa, Google Sheets ya kutunza na kukokotoa, Apps Script, sehemu ya Google ya kuandika skripti (amri zinazojiendesha), ya kutuma na kukumbusha, na msaidizi mmoja wa akili mnemba (AI), iwe ChatGPT, Gemini au nyingine ya aina hiyo, wa kusoma na kuandika rasimu. Vitatu vya kwanza havilipiwi kwa akaunti ya kawaida ya Google. Cha nne kina toleo la bure, na ChatGPT Plus ni dola 20 za Marekani kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja. Tumeiangalia kwa kazi za ofisi ya Tanzania Bara. Kenya tunaitaja pale inapotofautiana kiasi cha kumponza mtu.

Tuseme mapema tunachoamini. Kwa kupanga, kukumbusha na kuandika rasimu, seti hii inafanya kazi kubwa kuliko bei yake. Kwa hesabu ya mshahara iliyoachiwa AI, na kwa kumpa mwombaji alama, haifai. Kosa la AI huja limevaa suti: namba imepangwa vizuri, sentensi imenyooka, na hakuna kinachomshtua msomaji. Mshahara wa mtu, au nafasi yake ya kuitwa kwenye usaili, ni mambo mazito mno kuachiwa jibu linaloonekana tu kuwa sahihi.

Kupokea maombi na kusoma CV

Fomu ya maombi ndiyo sehemu rahisi, na hapo hapo pana mtego wa kwanza. Ukiweka swali la kupakia faili, Google inamlazimu mwombaji aingie kwenye akaunti yake ya Google. Dereva au fundi aliyeazima simu ataishia hapo, na hutajua kwamba alijaribu. Kwa kada hizo, uliza kila kitu kwa maswali ya kujaza, kisha vyeti viletwe siku ya usaili. Kwa nafasi ambazo CV ni lazima, ruhusu PDF tu na weka kikomo cha MB 10 kwa faili, kwa sababu faili zote zinaangukia Drive ya mwenye fomu, na akaunti ya bure ina GB 15 kwa barua pepe, picha na faili kwa pamoja.

Safu ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ipangwe kuwa matini tupu kabla mtu wa kwanza hajaandikwa. Namba hiyo ina tarakimu 20, wakati lahajedwali hubeba kwa usahihi tarakimu 15 tu. Ikiandikwa bila vistari, tarakimu za mwisho hugeuka sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi tena. Safu ya simu nayo ipangwe vivyo hivyo, la sivyo 0 ya mwanzo inapotea. Halafu kila mtu apewe namba yake ya ofisi, na namba hiyo ndiyo itumike kuunganisha majedwali, kamwe si jina; akina Hamisi Juma wawili kwenye kampuni moja si ajabu.

Kwenye kusoma CV ndipo AI inapoanza kurudisha gharama yake, ila kwa sharti moja: usiiulize nani anafaa. Iagize ichomoe taarifa. Maelekezo yanayofanya kazi yanafanana na haya, kwa mfano wa nafasi ya ofisa ununuzi:

"Soma CV hii moja. Jaza safu hizi tu: kiwango cha elimu, chuo, mwaka wa kumaliza, GPA kama ilivyoandikwa, bodi ya kitaaluma na hatua aliyofikia, na kwa kila kazi mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Kwa kila safu nakili maneno ya CV uliyoyategemea. Kama taarifa haimo, andika HAIMO. Usikisie na usitoe maoni."

Sharti la kunakili maneno ya CV ndilo roho ya maelekezo haya. Bila hilo, AI hujaza pengo kwa kitu kinachoelekea kuwa kweli. Ukiwa na maneno yenyewe pembeni, ofisa anahakiki safu nzima kwa macho bila kufungua faili moja moja. Pakia CV moja kila mara. Ukimwaga ishirini kwa pamoja, uzoefu wa mtu mmoja huhamia kwa jirani yake, hasa kama wamesoma chuo kimoja. Na miezi ya uzoefu usiiombe kwa AI: hujumlisha mara mbili kazi zilizofanyika kwa wakati mmoja, na neno "hadi sasa" hulitafsiri kwa tarehe inayoijua yenyewe. Chukua tarehe, kisha lahajedwali likokotoe kwa DATEDIF, fomula ya kuhesabu muda kati ya tarehe mbili.

CV iliyopigwa picha kwa simu na kugeuzwa PDF inahitaji tahadhari. Ndani yake hamna maandishi, kuna picha. Baadhi ya programu huisoma vizuri, nyingine hukosea tarehe na majina. Jaribio ni jepesi: fungua PDF, jaribu kuchagua maneno kwa kipanya. Yasipochagulika, mtu aisome kwa macho. CV za safu mbili zenye mapambo nazo husomwa kwa kukatisha kutoka kushoto hadi kulia, hivyo cheo cha kazi moja kinaungana na mwaka wa nyingine.

Sasa kwenye elimu. Hapa ndipo modeli zilizofundishwa zaidi kwa maandishi ya nje zinawaumiza waombaji wa kwetu, na ni jambo linalopaswa kuwakera maofisa kuliko linavyowakera. GPA, wastani wa ufaulu wa chuo, kwa vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida ni ya kipimo cha 5.0. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanza daraja la kwanza kwenye 4.4, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. AI isiyoambiwa kitu huichukulia 3.8 kama ya kipimo cha 4.0 na kumwona mwenye nayo kuwa kinara, au ikikutana na 4.4 ikadhani ni kosa la uchapaji. Kidato cha nne ndiyo kabisa: pointi chache ndiyo ufaulu mkubwa. Divisheni I ya pointi 7 ndiyo juu kabisa, na divisheni IV huanzia pointi 26. Mashine inayodhani namba kubwa ni bora itapanga orodha kichwa chini miguu juu. Viwango vya NTA, ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, navyo viandikwe kwenye maelekezo: NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ni stashahada, NTA 8 ni shahada ya kwanza.

Bodi za kitaaluma zina mtego wake. Mwombaji anayeandika kwamba yuko hatua ya mwisho ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, hana CPA(T), cheti cha mhasibu kamili, bado, lakini AI huona herufi CPA na kumjazia. Kadhalika kusajiliwa PSPTB, bodi ya ununuzi na ugavi, kama mtahiniwa si sawa na kusajiliwa kama mtaalamu. Ndiyo maana tumeweka "hatua aliyofikia" kwenye maelekezo.

Pia kuna waombaji wanaoficha maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe, yakiiagiza AI iwasifu. Nakili maandishi yote ya CV uyabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo, yaliyofichwa yataonekana. Ukiwa unachomoa taarifa tu bila kutoa alama, ujanja huo unakosa nguvu.

Kwa nini hatutaki alama? Kwanza, mpe AI CV ile ile mara mbili, alama zinaweza kutofautiana. Kipimo cha namna hiyo hakitetewi mbele ya mtu aliyekosa kazi. Pili, historia imeshaonyesha. Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na chombo chake cha kuchuja waombaji baada ya kuonekana kinawashusha wanawake, kwa sababu kilijifunza kutokana na CV za miaka 10 ambazo nyingi zilikuwa za wanaume. Mwaka 2023 kampuni ya iTutorGroup ilikubali kulipa dola 365,000 nchini Marekani kumaliza kesi iliyodai kwamba programu yake iliwakataa moja kwa moja wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi. Anayedhani atafuta umri kwa kuondoa tarehe ya kuzaliwa kwenye CV akumbuke kuwa tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni tarehe hiyo hiyo, mwaka, mwezi na siku. Ondoa zote mbili, pamoja na picha, dini, kabila na hali ya ndoa, kabla ya kupakia.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 katika kifungu cha 35, zote zinampa mhusika haki dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Orodha ya kuitwa kwenye usaili isainiwe na mtu aliyeisoma.

Mishahara: AI iandike fomula, isifanye hesabu

Tuchukue mfanyakazi mmoja wa Tanzania Bara mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,200,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), 10%, ni 120,000. Kiasi kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kodi kwa daraja la juu ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 1,000,000, yaani 24,000, jumla 152,000. Mkononi anapata 928,000. Kosa linalotokea mara kwa mara unapomwachia msaidizi wa AI hesabu hii kwa mazungumzo ni kutoza kodi kabla ya kutoa NSSF. Hapo kodi inakuwa 188,000, na mfanyakazi anapunjwa 36,000 kila mwezi. Jibu litakuja na jedwali safi na maelezo ya hatua kwa hatua. Ofisa mwenye haraka ataliamini.

Kosa la pili ni viwango vya zamani. Kodi ya daraja la kwanza ilikuwa 9% kabla ya Julai 2021, ikawa 8%. Mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kwa sekta binafsi ulitoka 1% hadi 0.6% mwaka 2021, kisha 0.5% mwaka 2022. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ilishuka kutoka 4% hadi 3.5% Julai 2023, na tangu 2021 humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, badala ya 4 wa awali. Maandishi ya zamani bado yamejaa mtandaoni, na AI huchota popote. Kila Juni bajeti ikisomwa viwango vinaweza kubadilika tena, kwa hiyo viwango vichukuliwe kwenye matangazo ya TRA (mamlaka ya mapato) yenyewe.

Njia inayofaa ni kuiomba AI ikuandikie fomula, kisha hesabu ifanywe na lahajedwali, ambalo halichoki wala halibadilishi jibu. Kama kiasi kinachotozwa kodi kiko kwenye seli C2, fomula ya kodi ni hii:

=IF(C2<=270000,0,IF(C2<=520000,(C2-270000)*8%,IF(C2<=760000,20000+(C2-520000)*20%,IF(C2<=1000000,68000+(C2-760000)*25%,128000+(C2-1000000)*30%))))

Ipime kwenye mipaka kabla ya kuitumia: 270,000 itoe 0, 520,000 itoe 20,000, 760,000 itoe 68,000, 1,000,000 itoe 128,000, na kwa daraja la juu 1,080,000 itoe 152,000. Ikipita hapo, iko sawa. Bora zaidi, asilimia na mipaka vikae kwenye ukurasa wa peke yake unaoitwa VIWANGO, fomula ivisome kutoka huko, na ukurasa huo ufungwe ili mtu mmoja tu aweze kuugusa. Viwango vikibadilika unabadilisha mahali pamoja badala ya kufukua mistari 90.

Saa za ziada zinahitaji jicho kali zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inapata mshahara wa saa kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45 kigawanyo ni takriban 195. Mwenye mshahara wa msingi wa 585,000 anapata 3,000 kwa saa, na saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 4,500. AI, isipoelekezwa, hupenda kugawa kwa siku 30 mara saa 8, yaani 240. Saa ya ziada inashuka hadi 3,656. Mlinzi aliyefanya saa 50 za ziada, ambazo ndizo kikomo cha kila wiki nne, anapoteza zaidi ya 42,000. Kwa mtu wa kipato hicho, hiyo ni pesa ya matumizi ya nyumbani.

Kwa wasomaji wa Kenya, onyo ni lile lile kwa namba tofauti. AI yenye maarifa ya zamani bado inakata NHIF, bima ya afya ya zamani, wakati SHIF, bima mpya ya 2.75%, ilichukua nafasi yake Oktoba 2024. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF pamoja na ushuru wa nyumba wa 1.5% hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mshahara), si kupewa kama nafuu ya kodi baadaye. Mipaka ya NSSF imekuwa ikipanda kila Februari tangu 2023. Ukipewa hesabu isiyotaja mwezi wa viwango vyake, usiitumie.

Kuvuta mishahara kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, AI mara nyingi itakuandikia VLOOKUP, fomula ya kutafuta mtu kwenye jedwali. Hakikisha neno la mwisho ndani ya mabano ni FALSE. Likikosekana, lahajedwali hutafuta anayekaribiana, na mtu hupewa mshahara wa mwenzake bila onyo lolote. Na usipange safu moja peke yake kwa alfabeti. Chagua jedwali lote, au majina yatahama na mishahara ibaki.

Kutuma hati za mshahara

Hapa seti inastahili sifa. Skripti fupi ya mistari 30 hivi, ambayo AI huiandika vizuri, inachukua kiolezo, inajaza namba za kila mtu, inatengeneza PDF na kuituma. Kazi ya siku moja inakuwa ya dakika chache.

Vikwazo ni hivi. Akaunti ya bure inaruhusu Apps Script kutuma barua pepe kwa wapokeaji 100 kwa siku. Akaunti ya kulipia ya Google Workspace, 1,500. Skripti moja haiendeshwi zaidi ya dakika 6, na kutengeneza PDF ni kazi ya polepole, kwa hiyo kampuni ya watu 120 inaweza kukatika katikati. Hapo ndipo balaa linaanza: mtu anaianzisha upya na watu 60 wa kwanza wanapata hati mara mbili. Dawa ni safu ya IMETUMWA. Skripti iandike tarehe kwenye safu hiyo mara tu baada ya kila barua, na imruke mtu yeyote ambaye safu yake imejazwa. Sema hivyo waziwazi kwenye maelekezo, kwa kuwa AI isipoambiwa huandika alama hizo zote mwishoni, na ikikatika hakuna kumbukumbu.

Kabla ya kutuma kweli, elekeza barua zote kwenye anwani yako mwenyewe na ufungue hati tano: ya mwenye mshahara mkubwa kabisa, mdogo kabisa, aliyeajiriwa katikati ya mwezi, mwenye mkopo, na mwenye saa za ziada. Kwa hao ndiko kosa linakojificha. Weka majira ya skripti kuwa Africa/Dar_es_Salaam na lugha ya lahajedwali isiwe ya Marekani, maana kwa mpangilio wa Marekani 03/04 husomwa kama tarehe 4 Machi.

Likizo, mikataba na mahudhurio

Kikumbusho cha mikataba inayoisha ndicho kitu cha kwanza tungekiweka kama muda ungeruhusu kitu kimoja tu. Mfanyakazi akiendelea kazini baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba wa muda maalumu, mkataba unaweza kuhesabika umehuishwa wenyewe, na hapo mwajiri anajikuta kwenye majukumu ambayo hakuyapanga. Skripti inayosoma safu ya tarehe kila asubuhi na kumwandikia ofisa na mkuu wa idara siku 60 na siku 30 kabla haina gharama yoyote. Ijaze siku hiyo hiyo unaposaini mkataba.

Likizo nayo inakwenda vizuri kama kanuni imeandikwa sawa. Tanzania Bara ni siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia ndani inahesabiwa humo humo. Kenya ni siku 21 za kazi. AI huchanganya hizi mbili kwa urahisi ukiuliza swali kwa Kiswahili bila kutaja nchi. Kwa Tanzania hesabu ni kutoa tarehe kutoka tarehe na kuongeza 1. Kwa Kenya unahitaji NETWORKDAYS, fomula inayohesabu siku za kazi tu, na orodha ya sikukuu. Uzazi Tanzania Bara ni siku 84, na 100 kwa mapacha. Ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005, hivyo tawi la Unguja lisipewe majibu ya Dar es Salaam.

Mahudhurio ya alama za vidole ni sehemu dhaifu, na kosa si la AI. Vidole vya fundi uashi na msafishaji vimesuguliwa na saruji na sabuni, mashine inawakataa, na ripoti inasema hawakufika. Wape kadi au namba ya siri. Zamu ya usiku nayo inavunjika: mtu anaingia saa 18:00 tarehe 4 na kutoka 06:00 tarehe 5, ripoti inamwonyesha na siku mbili pungufu, na posho yake ya usiku ya 5% kwa saa za kati ya 20:00 na 06:00 inayeyuka. Na ratiba za zamu ziandikwe kwa saa 24 kabla hazijapewa AI. "Saa 2 usiku" inaweza kugeuzwa saa nane usiku, na mlinzi akapangiwa kuanza baada ya muda wake kupita kwa saa sita.

Barua, na zile zisizopaswa kuguswa

Tangazo la kazi, barua ya kupokea maombi, mwongozo wa mfanyakazi mpya, maswali ya usaili yanayofanana kwa kila mwombaji: rasimu hizi AI inazimudu. Kiswahili chake huwa kikavu na kina harufu ya tafsiri kama hukipi mfano. Bandika barua tatu za zamani za ofisi yako zilizoandikwa vizuri, ukishafuta majina, na uiambie ifuate sauti hiyo. Tofauti ni kubwa.

Barua za nidhamu na kuachishwa kazi ziandikwe na mtu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinataka mfanyakazi apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na nafasi ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Rasimu ya AI mara nyingi huacha haki ya kusindikizwa, au inaandika wito wa kikao kana kwamba hatia imeshapatikana. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha kuangusha mchakato mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa. Kinachoruhusiwa ni kuitumia kwa ukaguzi: ukishaandika barua, ondoa majina, iulize ni hatua gani ya kanuni hiyo haijatajwa, kisha uhakikishe kwenye kanuni yenyewe.

Taarifa za watu

Akaunti binafsi za AI, hata za kulipia, zinaweza kutumia mazungumzo yako kufundishia modeli kama hujazima kipengele hicho kwenye mipangilio. Matoleo ya biashara kwa kawaida hayafanyi hivyo. Ofisi inayopakia CV za watu na orodha za mishahara kwenye akaunti binafsi ya ofisa ina matatizo mawili: taarifa zimetoka nje ya nchi bila utaratibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na siku ofisa huyo akiacha kazi anaondoka nazo mfukoni. Kampuni ifungue akaunti yake, ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji, na iwaambie waombaji kwenye fomu yenyewe kwamba taarifa zao zitasomwa kwa msaada wa programu, kwa kazi gani, na zitafutwa lini. Taarifa za afya, VVU na ujauzito zisiingizwe kabisa.

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja cha kulipia, lipia Google Workspace kabla ya AI. Inakupa akaunti zinazomilikiwa na kampuni, kikomo kikubwa cha barua pepe, na, kwenye baadhi ya vifurushi, uwezo wa kuona nani amefungua faili gani. AI ya bure, kwa maandishi yaliyofutwa majina, inatosha kuandika fomula, skripti na rasimu za mwaka mzima wa kwanza.

Endesha mishahara kwa njia ya zamani na mpya sambamba kwa miezi miwili, na kwenye safu ya tofauti usikubali hata shilingi moja isiyo na maelezo. Anza mwezi ambao hauna bonasi wala nyongeza, na umalize kulinganisha kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kulipa PAYE na SDL kwa TRA.